Kitana, Kibano na Karai: Miaka Minane Katika Utumishi wa Mbwa wa Kigoma

Watu wengi hustaafu wakiwa na mvi. Mimi ninastaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na mvi nilizonazo ni tatu, ambazo zote nilizipata kwa sababu ya mbwa mmoja wa Buzebazeba. Naomba nieleweke vizuri: sistaafu utumishi. Barua ya uhamisho imenipeleka machinjioni kukagua nyama, na wanyama nitakaowahudumia huko hawatakuwa tena na uwezo wa kuniuma. Ninachostaafu ni mbwa. Kwa miaka minane nimewaogesha, nimewachana manyoya, nimewang'oa kupe masikioni na katikati ya vidole, na nimewahubiria wenye mbwa hao kuhusu viroboto mpaka baadhi yao wakawa wakiniona kwa mbali wanabadilisha njia. Kwa kuwa ninyi wenzangu vijana mnaopokea kitana changu hamkuulizwa kama mnakitaka, nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia.

Sitazungumzia vyeo, kwa sababu sikupata. Sitazungumzia mshahara pia, maana huo mtakutana nao wenyewe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Katubuka. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya afya ya mifugo, koti jeupe lililopigwa pasi, na imani thabiti kwamba ujinga ukiondolewa, kupe wataondoka wenyewe. Chuoni tulifundishwa ng'ombe kwa miaka miwili na mbwa kwa alasiri moja, tena mbwa mwenyewe alikuwa amechorwa ubaoni. Yule wa ubaoni hakuwahi kusogea.

Nilibisha hodi kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza kiti.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya mbwa."

"Marahaba, binti. Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Nimekuja kumkinga na kupe."

"Aa! Basi karibu ndani. Nilidhani ameuma mtu tena."

Neno "tena" lingetosha kumzuia mtu mwenye uzoefu. Mimi nilifungua karatasi zangu nikaanza kumsomea mzee yule maelezo niliyoyaandaa kuhusu wajibu wa binadamu kwa mnyama anayemtegemea. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza niligundua kwamba wa pili unaliwa na mbwa. Niliweka karai chini, nikapima dawa kwa uangalifu, nikamkamata mbwa shingoni kama tulivyofundishwa, na kilichofuata kilikuwa kifupi. Mbwa aliingia kwenye karai, mimi nikaingia baada yake, kisha yeye akatoka. Aliyeogeshwa kikamilifu siku ile nilikuwa mimi. Nimeweka kumbukumbu kwamba kwa wiki tatu zilizofuata sikupata kupe hata mmoja.

Aliyeniokoa ni Mzee Sadiki, afisa mifugo mkongwe wa Ujiji, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu kwa njia ya kawaida. Alikuwa Mwislamu mshika dini, kanzu ikining'inia nyuma ya mlango wa ofisi ikisubiri adhuhuri, na kwenye baiskeli yake alifunga kopo la udongo safi aliouchota uani kwake. Kila alipomaliza kumshika mbwa alinawa mara saba, mara ya kwanza kwa udongo ule, nami nilikuwa mshika birika na mhesabuji. Siku moja jirani alimuuliza haoni tabu.

"Tabu ipi?" alisema Mzee Sadiki. "Dini haikunikataza kumtibu. Imenifundisha kunawa. Wewe umeshika nini leo, na umenawa mara ngapi?"

Jirani alificha mikono.

Kutoka kwake nilijifunza kazi. Mbwa anaanza kuitwa jina, kisha anaguswa mgongoni, na kichwa huja mwisho kabisa. Kitana chenye meno ya karibu, kile cha chawa, hupitishwa kuanzia mkiani, kwa sababu viroboto hupenda kujazana hapo. Kupe hukamatwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Hachomwi kwa kiberiti wala hamwagiwi mafuta ya taa. Dawa ya ng'ombe si dawa ya mbwa, na maandishi kwenye chupa hayakuwekwa pale kwa ajili ya urembo. Niliwahi kumpokea mbwa wa Buzebazeba aliyepakwa dawa ya josho bila kuchanganywa na maji, "ili ifanye kazi haraka." Ilifanya kazi haraka sana. Tulimwosha kwa sabuni tangu saa tatu hadi adhuhuri huku akitetemeka, na aliposimama tena kwa miguu yake minne Mzee Sadiki ndipo naye akakaa chini. Hapo ndipo nilipopatia zile mvi.

Si kesi zote zilikuwa nzito. Bwana mmoja aliletewa na nduguye mkanda wa shingoni wenye dawa ya kukinga mbwa na kupe. Aliuona ni mzuri mno kwa mbwa, akauvaa mwenyewe mkononi, akaenda nao kanisani. Nilipomsihi auvue na anawe, alinihakikishia kwamba tangu auvae hajapata kupe kabisa. Kisayansi alikuwa sahihi.

Kesi ambayo ningependa muisome kwa makini ni ya mwalo mdogo, yaani ufukwe wa kupokelea mitumbwi na samaki, ulio mbele kidogo ya Kibirizi, ambao sitautaja jina kwa sababu mwenyekiti wake bado tunasalimiana. Mzee Sadiki alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo niliibeba peke yangu.

Pale mwaloni dagaa hupokelewa asubuhi na kuanikwa juani, na wanawake hukaa chini kuwachambua. Ikatokea msimu ambao kila mchambuzi alikuwa anajikuna miguu mpaka damu. Wanunuzi wakaanza kujikuna pia, kisha wakaanza kununua kwingine. Mwenyekiti wa kamati ya mwalo, ambaye nitamwita Mzee Bihemo, mtu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alisimama juu ya kreti siku ya Jumatano akatangaza kwamba chanzo ni mbwa.

"Jumamosi asubuhi mbwa wote watakaguliwa mbele ya watu," alisema. "Mwenye viroboto ataondoka mwaloni na hatarudi. Daktari yupo hapa, atatueleza kipimo."

Mimi si daktari, lakini nilieleza kipimo. Unamchana mbwa, unakung'utia uchafu wa kitana kwenye kitambaa cheupe kilicholoweshwa, unasubiri. Ukibaki kahawia ni udongo. Ukisambaa mwekundu ni kinyesi cha kiroboto, kwa sababu kiroboto anakula damu. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa. Umati mzima ulirudia nyuma yangu: nyekundu, kiroboto.

Mbwa wengi wa mwaloni walikuwa wazururaji, na kufukuzwa kwao kungewahamisha tu kutoka kivuli kimoja hadi kingine. Mwenye kazi alikuwa mmoja, Sajenti, mbwa wa Mama Furaha. Wazazi wa mama huyu walivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili chake kilivuka nao. Mguu wake wa kulia ulivunjwa na mtumbwi uliokuwa unavutwa ufukweni, na tangu hapo hakuweza kukimbia. Sajenti ndiye aliyekimbia badala yake. Aliwafukuza kunguru, mbuzi na bata kwenye dagaa wa mama yule kutwa nzima, bila yeye mwenyewe kuonja hata mmoja.

"Bakiondoa hii imbwa yangu," Mama Furaha aliniambia, "ni miye nitabweka? Kunguru bataniogopa?"

Nilimwahidi kwamba Jumamosi Sajenti atakuwa safi. Ahadi ile niliitoa kwa dhati, na nawasihi msitoe ya namna hiyo kwa niaba ya mdudu.

Jumatano alasiri tulimwogesha Sajenti. Gunia alilolalia tulilichemsha, mchanga wa pale tukauchota na kuutupa mbali, kwa maana mayai ya kiroboto hayakai mwilini mwa mbwa bali hudondoka anapolala, na viluwiluwi vyake hukulia humo. Kitana kikatoka kitupu. Alhamisi asubuhi nikamkuta na viroboto watatu. Tukarudia yote, na Ijumaa asubuhi akawa nao wawili. Alikuwa anawatoa mahali fulani, na hakuwa tayari kupataja. Ijumaa jioni nilimchana kwa saa nzima, kitambaa kikabaki kahawia, nikamwomba Mama Furaha amfunge karibu naye mpaka asubuhi na asimguse.

Asimguse. Neno hilo nililisema mara mbili.

Jumamosi nilipofika, niliona kwanza kuku watano wakitembea kwa mstari. Mbele yao walitangulia paka wawili, na mbele ya paka alikuwepo Sajenti, ambaye alikuwa mwekundu anayeng'aa kuanzia masikio hadi mkia. Ubavu wake wote wa kushoto ulikuwa umepambwa kwa dagaa, wamejipanga kama vigae vya paa.

"Mama Furaha! Umemfanya nini?"

"Nimemupaka mawese."

"Mawese? Kwa nini?"

"Dada, leo si ni siku ya mukutano? Mutu akienda mbele ya batu anapaka mafuta. Imbwa yangu iende mukavu kama kuni?"

"Na hawa dagaa?"

"Hao ni yeye mwenyewe," alisema kwa unyonge kidogo. "Alipomaliza kupakwa alienda kulala juu yao. Nafikiri alisikia raha."

Sikuwa na muda wa kumwosha. Mwenyekiti alikuwa tayari juu ya kreti, na mwalo mzima ulikuwa umetuzunguka. Nilipitisha kitana, nikatoa dagaa wanne na udongo kidogo, nikakung'utia kitambaani.

Kitambaa kiligeuka chekundu kutoka pindo hadi pindo.

"Yoo!" umati ulipaza sauti. Wanawake wawili walirudi nyuma na mpagazi mmoja akasogea mbele ili aone vizuri.

"Si viroboto," nilisema haraka. "Ni mawese."

"Daktari," alisema Mwenyekiti kwa upole wa hakimu, "Jumatano ulituambia nyekundu ni nini?"

"Kiroboto, mzee."

"Na hicho kitambaa kina rangi gani?"

"Mwenyekiti, kama ni hivyo, wali wa mawese wa jana kwangu ulikuwa viroboto watupu!" alisema mpagazi, na watu wakacheka, lakini Mama Furaha hakucheka. Alikuwa ameegemea fimbo yake, akinitazama mimi peke yangu.

"Dada," alisema taratibu, "jana si ulimuona iko safi? Sema tu. Batakuamini."

Wangeniamini kweli. Koti langu lilikuwa jeupe na mimi ndiye niliyewafundisha kipimo. Lakini siku mbili mfululizo nilimwacha Sajenti safi na asubuhi nikamkuta si safi, na asubuhi ile sikuweza kuona chochote chini ya mawese yale. Nikasema maneno ambayo hadi leo ninayasikia vibaya masikioni: "Mama, siwezi kusema ni safi. Kipimo kimeharibika."

Mama Furaha aliinamisha uso. Mwenyekiti alifungua mdomo ili atoe hukumu.

"Lakini," nikaongeza kwa sauti niliyokuwa sijui kama ninayo, "hamjanituma kumtafuta mbwa. Mmenituma kutafuta viroboto. Nipeni nafasi ya kutembea."

"Kutembea mpaka wapi?"

"Mpaka nitakapowapata."

Kiroboto mwenye njaa akihisi joto na mtikisiko wa mguu unaopita, huurukia. Mguu ukiwa na kitu cheupe, utamwona. Nilitoa mkobani soksi zangu ndefu nyeupe, zile za kuchezea mpira, nikazivaa juu ya suruali mpaka magotini.

"Daktari, tukuletee na jezi?" akauliza yule mpagazi.

"Namba tisa," nikamjibu, na nikaanza.

Nilipita kwa Mama Furaha, kwenye chanja zake za kuanikia dagaa na pale Sajenti anapolala, nikiburuta miguu kama mtu anayetafuta sindano. Nikainua mguu mmoja, kisha wa pili. Hapakuwa na kitu. Mama Furaha aliinua uso. Kwa wachambuzi nikapata wawili. Kwenye mitumbwi sikupata kitu. Nikarudi kwa wachambuzi nikafuata njia wanayoipita kila asubuhi kwenda kuandikisha mzigo wao, na kila hatua soksi zikawa zinapata wakazi wapya. Wanne. Saba. Umati ulikuwa unanifuata ukihesabu.

"Huko hakuna mbwa," alisema Mwenyekiti. "Huko ni ofisini."

Nikaingia. Ilikuwa chumba kimoja cha mbao. Kulikuwa na meza, daftari, benchi la wachambuzi kusubiria, na kwenye kona, mlundo wa nyavu haramu zilizokamatwa na kamati na kuhifadhiwa kama ushahidi. Katikati ya mlundo palikuwa na shimo laini la mviringo, na kando yake sahani ya bati yenye ukoko wa ugali. Nikasimama hapo nikihesabu pumzi kumi. Nilipotoka juani, soksi zangu zilikuwa nyeusi mpaka kwenye mashavu ya miguu, na weusi wenyewe ulikuwa unaruka.

Mara mbwa mmoja mzururaji alipenya katikati ya miguu yetu, akamtikisia Mwenyekiti mkia, akaingia ofisini, akazunguka mara tatu juu ya nyavu, akalala. Akafuata wa pili, na wa tatu. Sajenti naye akaniponyoka na dagaa wake ubavuni, akaenda kuchukua nafasi yake, ambayo ilikuwa imeachwa wazi.

"Mwenyekiti!" mpagazi alipiga kelele. "Kumbe unafuga!"

"Sifugi," alisema Mzee Bihemo. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilihitaji kipaza sauti. "Huwa... huwa wanakuja jioni, kazi zikiisha."

"Kufanya nini, mzee?" nikauliza.

"Kunisikiliza. Nikiandaa hotuba, huwa nawasomea. Nyumbani wanasema nipunguze sauti. Hawa wanasikiliza hadi mwisho. Basi nawapa na ugali kidogo."

Mama Furaha alipiga hatua moja mbele kwa fimbo yake. Nilijua atakachosema, na nilijua ana haki ya kukisema.

"Muzee, ulisema mwenye viroboto ataondoka na hatarudi."

Mwenyekiti alitutazama sote. Alitazama kreti yake, kisha soksi zangu. Mkono wake ulishuka wenyewe, ukakuna goti, ukapanda ukakuna kiuno, mbele ya wapiga kura wake wote.

"Ni kweli nilisema," akasema. "Mbwa abaki. Ofisi itahama."

Ilihama mchana uleule. Meza ilibebwa nje, nyavu zikateketezwa kama zilivyopaswa kuteketezwa tangu zamani, sakafu ikafagiliwa mpaka kwenye nyufa na kupuliziwa dawa. Tulirudia baada ya wiki mbili, kwa kuwa viroboto waliokuwa bado kwenye vifuko vyao hutoka baadaye, na nawaomba msiisahau safari hiyo ya pili hata kama kila mtu anawapongeza kwa ya kwanza. Sajenti alioshwa kwa vipande vitatu vya sabuni kabla mawese hayajakubali kuondoka. Nikamchana tena mbele ya watu wote, kitambaa kikabaki kahawia, na safari hii Mama Furaha ndiye aliyekinyanyua juu na kukizungusha, mzunguko mzima, mpaka kila mtu akione. Wazururaji nao tuliwaogesha mmoja mmoja, Mwenyekiti akiwashika mwenyewe na kuwaita kwa majina ambayo hakuna mwingine mwaloni aliyeyajua. Miguu ya wachambuzi ikapona, na wanunuzi wakarudi.

Katika kazi hii mtashawishiwa kusema "safi" kabla hamjaona, na atakayewashawishi hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa mama mwenye mguu mmoja mzima na macho yaliyojaa imani. Msiseme. Tembeeni kwanza.

Jumatatu, siku mbili tu baada ya ukaguzi ule, nilipita kuangalia hali. Ofisi ilikuwa bado juani, kando ya chanja za Mama Furaha, na Mzee Bihemo alikuwa amesimama nyuma ya meza yake akisoma kwa sauti rasimu ya sheria ndogo inayoruhusu mbwa wa kazi mwaloni. Msikilizaji alikuwa Sajenti peke yake, ameketi wima, masikio yamesimama. Alipofika kifungu cha tatu, kunguru alitua kwenye dagaa, na Sajenti akaondoka kwa kasi. Mwenyekiti alinyamaza, akaweka kidole kwenye mstari, akasubiri. Kunguru alipofukuzwa na mbwa aliporudi na kuketi, akakohoa kidogo, akaendelea na kifungu cha nne.